Kuendesha jarida la bure la sayansi ya kompyuta kutoka Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wahadhiri, wakutubi na watu wa TEHAMA wa vyuo vya Dodoma, Singida na Iringa wanaotaka kuanzisha jarida la kitaaluma la sayansi ya kompyuta, au ambao tayari wanalo na limeanza kuwaelemea.

"Bure" ina maana gani? Bure kwa msomaji au kwa mwandishi?

Kwa msomaji kwanza. Mtu aliye Kondoa na bando la siku kwenye simu anafungua makala, anaisoma yote, anaipakua, anamtumia mwenzake, bila kulipa na bila kuombwa ajisajili. Na iwe hivyo siku ileile makala inapotoka, si baada ya miezi 6. Msingi huo uliwekwa na tamko la Budapest la 2002 kuhusu machapisho huria ya kitaaluma.

Kwa mwandishi njia ni mbili. Yapo majarida yanayomtoza ada makala yake ikikubaliwa, na yapo yasiyomtoza mtu yeyote, gharama zikabebwa na chuo, idara au chama cha kitaaluma. Haya ya pili huitwa majarida ya almasi, na ndiyo tunayoyashauri. Jarida changa linalotoza ada halichelewi kuonekana kama duka la kupandishia vyeo, na jina hilo likishaganda halibanduki. Tena kukusanya ada ndogo ndogo kunataka akaunti, stakabadhi na utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, kazi ambayo mara nyingi hula zaidi ya kinachoingia.

Kwenye fani yetu jambo hili si jipya. JAIR, jarida la utafiti wa akili unde, linasomwa bure mtandaoni tangu 1993. JMLR, la ujifunzaji wa mashine, lilianzishwa mwaka 2000 na halimtozi msomaji wala mwandishi; mwaka uliofuata wajumbe 40 wa bodi ya jarida la kulipia la Machine Learning walijiuzulu, wakasema wazi kwamba wanaliunga mkono jarida ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Yote mawili yamejengwa juu ya kazi ya kujitolea ya wanataaluma na gharama ndogo sana za mitambo.

Kwa hiyo tutengeneze bajeti ya kiasi gani?

Fedha ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na saa ni nyingi kuliko wanavyodhani. Programu ni ya bure. Seva ya kukodi yenye RAM ya GB 2 inatosha kuanzia, ingawa GB 4 ndiyo inayopumua vizuri, na diski ya GB 40 haitajaa upesi. Muswada mmoja, pamoja na matoleo yake yote, faili za wapitiaji (wataalamu wanaoutathmini) na PDF ya mwisho, hula kati ya MB 10 na 20. Miswada 60 kwa mwaka haifiki GB 1.5.

Sasa piga hesabu ya saa. Tuseme mnapokea miswada 60 kwa mwaka. Thelathini inakataliwa mezani kwa mhariri, saa 1 kila mmoja: saa 30. Kumi inakataliwa baada ya kupitiwa, saa 6 kila mmoja: saa 60. Ishirini inachapishwa, na kila mmoja unataka takriban saa 17: kuusoma mara ya kwanza, kutafuta wapitiaji, kuwakumbusha, kuandika uamuzi, kusanifu lugha (peke yake saa 6), kupanga kurasa, kujaza taarifa za makala kwenye mfumo. Hizo ni saa 340. Jumla ni saa 430, yaani siku nzima ya kazi kila wiki, mwaka mzima, likizo ikiwemo. Kama chuo hakitambui saa hizo kwenye mgawanyo wa majukumu ya mhadhiri, jarida litakufa toleo la tatu au la nne. Kwa hiyo kabla ya kuomba fedha za seva, ombeni barua inayompunguzia mhariri mkuu vipindi.

Lihusu nini? Sayansi ya kompyuta yote?

Hapana. Jarida lisilojulikana likisema linapokea "nyanja zote za TEHAMA" hupata mabaki yaliyokataliwa kwingine. Chagueni kitu ambacho mwandishi wa Nairobi au Kampala angefikiria kuwaletea ninyi kwanza. Dodoma ina mtaji wake: Chuo Kikuu cha Dodoma na ndaki yake ya TEHAMA, CIVE, Mamlaka ya Serikali Mtandao, wizara zilizohamia Mtumba na mifumo yao, hospitali zinazotumia mfumo wa taarifa wa GoTHOMIS, na kilimo cha nyanda kame. Upeo kama "mifumo ya kompyuta katika mazingira ya intaneti hafifu na umeme usiotabirika" au "uchakataji wa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika" ni mwembamba, lakini unashika.

Jina nalo lisianze na neno la kujikweza. Kabla ya kulichapa popote litafuteni kwenye lango la kimataifa la ISSN, namba za kutambulisha majarida, maana majina yenye "kimataifa" na "kompyuta" ndani yake yamejaa humo, na mengine yameshachafuka.

Bodi ya wahariri iwe na watu wangapi?

Watano ndio kiwango cha chini kinachotakiwa na DOAJ, orodha ya dunia ya majarida huria. Wote watajwe kwa majina kamili na taasisi zao, na wasitoke chuo kimoja. Tunashauri 8 hadi 12, angalau nusu kutoka nje ya taasisi inayomiliki jarida. Epukeni kupamba bodi kwa maprofesa wasiojua kuwa wamo. Kila jina liwe na barua pepe ya kukubali, mkaihifadhi.

Kosa linaloumiza zaidi ni bodi kujichapisha. DOAJ hutazama matoleo mawili ya karibuni: katika kila moja, makala zenye mhariri, mjumbe wa bodi au mpitiaji kama mmojawapo wa waandishi zisizidi asilimia 25. Toleo la makala 5 linabeba moja tu ya namna hiyo, kwa kuwa mbili tayari ni asilimia 40. Makala hiyo moja ishughulikiwe na mhariri mwingine, na mwenyewe asione hata majina ya wapitiaji.

Tutumie programu gani, na seva ikae wapi?

OJS (Open Journal Systems), programu ya kuendeshea majarida. Imetoka kwa Public Knowledge Project (PKP) ya Canada, mradi alioanzisha John Willinsky mwaka 1998, na ni ya chanzo huria. Inahitaji lugha ya PHP pamoja na hifadhidata ya MySQL, MariaDB au PostgreSQL. Zipo nyingine, lakini kwa OJS utapata mtu wa kumuuliza ukikwama, na hilo lina thamani kuliko uzuri wa mwonekano. Msijenge mfumo wenu wenyewe. Idara ya kompyuta hushawishika sana hapo, na mwanafunzi aliyeujenga akihitimu anaondoka nao kichwani.

Kuhusu mahali, chumba cha seva cha chuo kinafaa kama kina jenereta na mtu wa kuitazama Jumamosi. UPS peke yake hununua dakika, na umeme wa Dodoma ukikatika mchana wa Oktoba kiyoyozi nacho kimezima. Kama hamna uhakika, kodini seva kwenye kituo cha data, nakala za akiba ziwe chuoni. Chuo kilicho mwanachama wa TERNET, mtandao wa elimu na utafiti nchini, kiulize huko kwanza.

Anwani iwe chini ya kikoa cha chuo cha .ac.tz. Kikoa kilichonunuliwa na mhadhiri kwa kadi yake binafsi ni bomu la muda: yeye anakwenda masomoni, kadi inaisha muda, na jarida linapotea usiku mmoja.

Mipangilio minne inayosahaulika siku ya kwanza:

Folda ya files_dir, inayohifadhi miswada, lazima iwe nje ya folda inayoonekana na wavuti. Ikiwa ndani ya public_html, miswada ambayo haijachapishwa inaweza kusomwa na yeyote anayebahatisha anwani, na hapo ndipo wavamizi huanzia.

PHP kwa kawaida hukubali faili isiyozidi MB 2. Mwandishi mwenye PDF ya MB 6 atajaribu mara tatu, ataona ujumbe usioeleweka, ataondoka. Pandisheni upload_max_filesize hadi MB 20 na post_max_size hadi MB 25.

Kwenye config.inc.php, faili ya mipangilio ya OJS, time_zone iwe Africa/Dar_es_Salaam, la sivyo tarehe za mwisho zitageuka saa 9 usiku.

Kazi za ratiba ziwashwe kwa cron, kipanga ratiba cha seva. Bila hizo OJS haitumi vikumbusho kwa wapitiaji, na mtabaki mkiwalaumu bure.

Waandishi wanasema hawapati barua pepe zetu. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu karibu kila mara ni lilelile. Mhariri amejisajili kwa anwani yake ya Gmail. OJS inatuma barua ikijitambulisha kwa anwani hiyo, ilhali inatoka kwenye seva ya chuo. Seva ya mpokeaji inaona barua inayodai kutoka Gmail lakini haikutoka Gmail, na inaitupa kwenye taka au inaikataa kabisa. Tangu Februari 2024 Google imekaza zaidi: kila anayetuma kwa watumiaji wa Gmail lazima awe na SPF au DKIM, rekodi zinazothibitisha mtumaji, na anayetuma kwa wingi awe na vyote viwili pamoja na DMARC.

Tiba ina hatua tatu. Kwanza, fungueni anwani ya jarida kwenye kikoa chenu na kuiweka kama default_envelope_sender. Pili, kwenye config.inc.php washeni force_default_envelope_sender na force_dmarc_compliant_from. Jina la mhariri litaendelea kuonekana, lakini anwani ya mtumaji itakuwa ya jarida. Tatu, msimamizi wa DNS (rekodi za kikoa) wa chuo aweke rekodi za SPF, DKIM na DMARC. Kisha tumeni barua ya majaribio kwenda Gmail, fungueni chanzo chake, mtafute neno "pass" mbele ya kila moja. Msitangaze mwito wa makala kabla ya kuliona.

Tumekuta kurasa za kamari ndani ya jarida letu. Zimeingiaje?

Majarida ya OJS yanawindwa kwa sababu vikoa vya vyuo vinaaminiwa na injini za utafutaji. Milango ya kawaida ni toleo kongwe lenye tundu lililokwisha kuzibwa kwenye matoleo mapya, files_dir iliyo ndani ya wavuti, nywila ya msimamizi iliyo rahisi, au seva ileile kubeba blogu ya zamani ambayo hakuna anayeisasisha.

Kufuta kurasa hizo hakutoshi, kwa kuwa mvamizi huacha faili ndogo ya PHP ya kurudia. Zimeni jarida. Hifadhini hifadhidata, files_dir na folda ya public. Tafuteni ndani ya files_dir na public faili yoyote yenye kiambishi cha .php na kuiondoa, maana humo haipaswi kuwepo hata moja. Wekeni msimbo mpya wa OJS uliopakuliwa upya, msitumie wa zamani hata faili moja zaidi ya config iliyokaguliwa kwa macho. Badilisheni nywila ya hifadhidata na za wahariri wote.

Usajili wa akaunti feki ni tatizo dogo kuliko hilo. Uthibitisho wa barua pepe na kizuizi cha reCAPTCHA hupunguza sehemu kubwa.

Na nakala za akiba?

Kila usiku: hifadhidata kwa mysqldump, files_dir, folda ya public, na config.inc.php. Ukikosa mojawapo huna nakala, una kipande. Nakala moja ikae nje ya jengo. Mara mbili kwa mwaka jaribuni kuirejesha kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Kabla ya kusasisha OJS fanyeni vivyo hivyo, halafu php tools/upgrade.php check, kisha upgrade, na wakati huo mfumo uwe umefungwa kwa watumiaji.

ISSN na DOI vinapatikanaje, na vinauzwa?

ISSN ni tarakimu 8 zinazotambulisha jarida, na huombwa kupitia kituo cha taifa au, pasipo na kituo, kituo cha kimataifa kilichoko Paris. Toleo la mtandaoni na la karatasi hupewa namba tofauti. Kwa jarida la mtandaoni ombeni baada ya toleo la kwanza kuwa hewani, ukurasa wa bodi ukiwa umejaa na jina la mchapishaji na nchi vinaonekana. Mkibadilisha jina la jarida kwa kiasi kikubwa, namba mpya inahitajika.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukueni ya JMLR ya karatasi, 1532-4435: zidisheni tarakimu 7 za kwanza kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2, jumla ni 105, 105 ukigawa kwa 11 inabaki 6, 11 toa 6 ni 5. Ikitoka 10 huandikwa X. Mkiletewa ISSN "ya haraka" na wakala, anzeni na hesabu hii, kisha itafuteni kwenye lango la ISSN.

DOI, kiungo cha kudumu cha mtandaoni, hutolewa kwa makala. Majarida mengi husajili kwa shirika la Crossref, na hapa wengi wa nyumbani hawajui bahati yao: tangu Januari 2023 Crossref ina mpango uitwao GEM unaosamehe ada ya uanachama na ada ya kusajili makala kwa taasisi za nchi zenye uwezo mdogo kiuchumi, na Tanzania imo. Anayewaambia mlipe mamia ya dola kwa ajili ya DOI hajasoma, au anawauzia. Mwombaji awe taasisi, si mtu binafsi.

Mkishapata kiambishi chenu kinachoanza na 10., chagueni mtindo mfupi wa sehemu ya pili usiobeba maana nyingi. Msiweke namba ya ukurasa wala jina la idara. Idara hubadilika, DOI haibadiliki na haifutwi. Ielekeze kwenye ukurasa wa makala wenye ikisiri, si moja kwa moja kwenye PDF. Tangu OJS 3.4 kazi hii imo ndani ya mfumo wenyewe. Kosa la kawaida ni kuichapa DOI ndani ya PDF na kusahau kuisajili: msomaji anaibonyeza, anaambiwa haipo.

Wapitiaji hawajibu. Tufanyeje?

Waalikeni 6 ili kupata 3, na mkipata ripoti 2 nzuri, amueni. Siku 5 za kukubali au kukataa, siku 21 za kupitia, vikumbusho siku ya 14, 20 na 25, kisha mwiteni mwingine. Msitume mialiko wiki za mitihani ya mwisho wa muhula (UE) na usahihishaji wake; wahadhiri wote wa nchi wamezama humo kwa wakati mmoja, na mwaliko wa wiki hiyo huzikwa. Mwaliko uwe na ikisiri, idadi ya kurasa na tarehe. "Mheshimiwa Profesa, tunaomba upitie makala iliyoambatishwa" bila kusema inahusu nini ni njia ya uhakika ya kunyimwa jibu.

Msitegemee wakubwa peke yao. Mtu aliyemaliza shahada ya uzamivu miaka miwili iliyopita hupitia kwa makini kuliko mkuu wa ndaki. Mpeni barua rasmi ya shukrani kila mwaka yenye idadi ya miswada aliyopitia, kwani huiweka kwenye jalada la kupandishwa cheo, na mfungulieni njia ya kuandikisha kazi hiyo kwenye ORCID yake, namba ya utambulisho wa mtafiti.

Ripoti ya mistari miwili, "makala ni nzuri, ichapishwe", si ripoti. Irudisheni kwa heshima mkiuliza maswali matatu mahususi. Asipojibu, isihesabiwe.

Majina ya mwandishi na mpitiaji yafichwe pande zote mbili?

Ndiyo, lakini jueni kwamba pazia lina matundu. Jina la mwandishi hubaki kwenye sifa za faili la Word na PDF, kwenye anwani ya GitHub (tovuti ya kuwekea msimbo), kwenye shukrani, na kwenye sentensi kama "katika kazi yetu iliyotangulia". Mhariri msaidizi apewe dakika 15 za kukagua haya manne kabla ya muswada kutoka. Hata hivyo, wanaofanya uchakataji wa Kiswahili nchini wanajuana, na mpitiaji atabahatisha. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa mgongano wa maslahi una uzito kuliko pazia lenyewe: aliyemsimamia, aliyeandika naye miaka 3 iliyopita, wa idara moja, ndugu. Yeyote kati ya hao asipewe.

Tudai msimbo na data?

Dai. Makala ya kompyuta isiyo na msimbo ni simulizi. Mwandishi aweke msimbo na data kwenye hifadhi ya kudumu kama Zenodo, inayoendeshwa na CERN na inayotoa DOI bila malipo. Kiungo cha GitHub peke yake hakitoshi kwa kuwa mwenyewe anaweza kukifuta kesho. Kama data haiwezi kutolewa, kwa mfano rekodi za wagonjwa au miamala ya simu, aeleze sababu, kibali cha maadili alichopata, na angalau sampuli ya kubuni inayoendesha msimbo.

Mpitiaji mmoja kati ya watatu apewe jukumu la kuendesha msimbo huo kwenye kompyuta yake. Aangalie kama matoleo ya maktaba yameandikwa, kama mbegu ya nasibu (namba inayofanya bahati nasibu ijirudie vilevile) imewekwa, na kama namba za jedwali kuu zinakaribiana na anazozipata.

Kosa tunalotaka kila mhariri alijue ni data ya mafunzo kuvujia kwenye data ya majaribio. Chukueni mfano wa zao letu. Mtafiti anapiga picha 3,000 za majani ya mizabibu kwenye mashamba ya Hombolo na Mpunguzi ili mfumo utambue magonjwa. Kila mzabibu kaupiga picha 10. Kisha anachanganya zote na kuzigawa kwa bahati nasibu, asilimia 80 za kufundishia na 20 za kupimia. Matokeo: usahihi wa asilimia 99. Ukweli ni kwamba picha za mzabibu uleule, kwa mwanga uleule na udongo uleule mwekundu nyuma, ziko pande zote mbili. Mfumo umekariri mizabibu, haujajifunza ugonjwa. Dawa ni kugawa kwa shamba: mashamba mengine yafundishie, mengine yapimie. Usahihi utashuka, pengine sana, na hiyo ndiyo namba ya kuchapisha. Mtego huo upo pia kwenye sauti, ambako msemaji mmoja hutokea pande zote, na kwenye maandishi, ambako habari ileile imenakiliwa na magazeti matatu.

Mashine ya ulinganifu, inayosaka maandishi yaliyonakiliwa, imetoa asilimia 32. Tukatae?

Asilimia si hukumu. Fungueni ripoti. Marejeo, majina ya mbinu na maelezo ya kawaida ya algoriti hupandisha namba bila kosa. Lakini asilimia 9 iliyokaa yote kwenye aya za matokeo ni mbaya kuliko 32 iliyotawanyika. Sura ya tasnifu ya mwandishi mwenyewe iliyo kwenye hazina ya chuo chake haimfanyi mwizi, aitaje tu.

Kuhusu akili unde, COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ilishasema kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi kwa kuwa haiwezi kubeba dhamana. Mwandishi aseme ameitumia wapi. Marejeo ya uongo ndiyo alama ya kwanza ya muswada ulioandikwa na mashine bila mtu kuusoma: bonyezeni DOI 5 za marejeo kwa kubahatisha, na mbili zisipokuwepo, rudisheni.

Leseni ipi?

CC BY 4.0, leseni ya Creative Commons inayomruhusu kila mtu kutumia kazi mradi amtaje mwandishi, mwandishi akibaki na hakimiliki yake. Wengi huogopa na kukimbilia ile inayokataza biashara na mabadiliko. Fikirieni matokeo yake hapa: tafsiri ni mabadiliko. Makala ya Kiingereza yenye zuio hilo haiwezi kutafsiriwa kwa Kiswahili na kugawiwa bila kibali cha mwandishi. Leseni iandikwe kwenye ukurasa wa makala na ndani ya PDF yenyewe, kwani PDF husafiri bila ukurasa wake. Msimbo upewe leseni ya programu kama MIT, Apache au GPL. Creative Commons wenyewe hawashauri leseni zao zitumike kwa programu.

Je, tuchapishe kwa Kiswahili?

Inawezekana, na OJS inaruhusu kila makala kuwa na kichwa na ikisiri kwa lugha zaidi ya moja. Njia tunayoiona inafaa ni makala kwa lugha anayoichagua mwandishi na ikisiri mbili za lazima. Kazi kubwa itakuwa istilahi. Wekeni orodha ya jarida, muifuate kila toleo, ili "ujifunzaji wa mashine" wa toleo la kwanza usigeuke kitu kingine kwenye la pili. Msanifu lugha awe anajua fani. Vinginevyo "mtandao wa neva" utarekebishwa kuwa kitu cha hospitali.

Tutaingiaje Google Scholar, DOAJ na Scopus?

Google Scholar haiombwi, huja yenyewe. Inataka kila makala iwe na ukurasa wake, PDF yenye maandishi yanayotafutika (si picha za skana) isiyozidi MB 5, na lebo za taarifa ambazo OJS huziweka kwa programu-jalizi yake. Kichwa cha makala kiwe ndiyo herufi kubwa kuliko zote kwenye ukurasa wa kwanza. Nembo ya chuo yenye maandishi makubwa juu ya kichwa huifanya isome jina la chuo kama jina la makala.

DOAJ haitozi. Mbali na mambo ya bodi yaliyotajwa, jarida liwe na zaidi ya mwaka mmoja wa kuchapisha kwa uhuria au makala 10, na lichapishe zisizopungua 5 kwa mwaka. Wanaokataliwa wengi hawakukataliwa kwa ubora bali kwa tovuti: sera ya mapitio haielezwi, ada haitajwi. Kama ni sifuri, andikeni kwamba ni sifuri.

Scopus, hifadhidata ya majarida yaliyochujwa, inataka historia ya angalau miaka 2, msiikimbilie. Na barua zinazowauzia "impact factor" kwa dola chache zifutwe. Kipimo chenye jina hilo ni cha kampuni ya Clarivate, na hakiuzwi kwa majarida.

Taarifa za waandishi zinaguswa na sheria?

Ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina, barua pepe na ripoti za wapitiaji zimo ndani yake. Mwulizeni mwanasheria wa chuo kama usajili wa chuo kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi unaligusa jarida, hasa kama seva iko nje ya nchi.

Makala iliyochapishwa imekutwa na kosa. Tuifute?

Kamwe. Kosa dogo hutolewa masahihisho, yakiwa na DOI yake na kiungo kwenda na kurudi. Kosa linalobomoa matokeo, au udanganyifu, hubatilishwa: ukurasa unabaki, kichwa kinatanguliwa na neno "IMEBATILISHWA", PDF inapigwa alama kila ukurasa, na tangazo linaeleza nani kabatilisha na kwa nini. Kubadilisha PDF kimyakimya kunawaacha waliopakua ya zamani wakibishana na waliopakua mpya.

Tukishindwa kuendelea, tunafungaje?

Fungeni mlango wa miswada mipya kwanza, na iliyo mikononi mwa wapitiaji imalizwe. Tangazeni toleo la mwisho. Hakikisheni makala zote zimeingia kwenye hifadhi ya PKP, ambayo ni bure kwa jarida la OJS lenye ISSN na toleo angalau moja. Ni bora programu-jalizi yake iwe imewashwa tangu mwanzo. Kisha kabidhini PDF zote na faili za XML kwa maktaba ya chuo, elekezeni upya kila DOI kule Crossref kwenda anwani ya maktaba, na kijulisheni kituo cha ISSN mwaka wa kukoma. Kama jarida lilikuwa na kikoa chake, endeleeni kukilipia miaka 5 zaidi. Vikoa vya majarida vilivyoachwa hununuliwa na wafanyabiashara wa kamari ndani ya wiki chache, na kila tasnifu iliyolitaja jarida kwa anwani ya zamani itawapeleka wasomaji huko.